Pongezi au Rambirambi?

Toleo lililopita la jarida letu lilikuwa na makala fupi kuhusu binti wa Kigiriki aitwaye Daphne. Mwandishi wake ni ndugu yangu, tunachota maji bomba moja, na lugha yake ni nzuri kuliko yangu. Alisema Daphne alikimbizwa na mungu Apollo, akaomba msaada, akageuka mti, akaokoka. Akamaliza kwa kuwaambia mabinti wa kambini wajifunze kwake ustahimilivu. Haikupita wiki mbili nikaikuta picha ya Daphne imechorwa ukutani kwenye banda wanalokutania wasichana. Nusu mtu, nusu mti, na chini yake neno USTAHIMILIVU kwa herufi kubwa. Rangi imelipiwa na wahisani, mchoraji ni kijana wetu, kazi safi kabisa. Na binti anatabasamu.

Anatabasamu! Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza.

Ndugu yangu asinielewe vibaya. Kuandika kuhusu Wagiriki wa kale si kosa, eti kwa sababu sisi ni watu wa Fizi na Uvira na Bujumbura. Hadithi haiombi kibali cha kutoka kambini. Ugomvi wangu ni na neno moja tu alilolitumia, "akaokoka", na tabasamu lililozaliwa na neno hilo.

Kwanza nimfa ni nani, maana jina hili wengi hawajalizoea. Wagiriki wa kale waliamini kwamba kila mto, kila chemchemi, kila mlima na msitu una mabinti wake. Si miungu wakubwa wa mlima Olympus, wala si binadamu wa kawaida, wako katikati. Neno lenyewe, nymphe, kwa Kigiriki lina maana pia ya bibi harusi, msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Msiwachanganye na mamba muntu wa kwetu Kongo, yule ambaye wachoraji wa Lubumbashi walimpenda sana. Mamba muntu ndiye anayewavuta watu majini. Nimfa, mara nyingi, ndiye anayevutwa. (Yuko kijana mmoja, Hylas, aliyevutwa kisimani na nimfa asirudi tena. Sawa. Lakini kwa Hylas mmoja kuna mabinti wangapi?)

Hadithi hizi tunazisoma zaidi kwa kalamu ya Ovid, mshairi wa Kirumi aliyezaliwa mwaka 43 kabla ya Kristo. Kitabu chake kinaitwa Metamorphoses, yaani mageuzo, kina sehemu 15 na hadithi kama 250. Yeye anawaita miungu kwa majina ya Kirumi, mimi nitabaki na ya Kigiriki. Mwaka wa 8 baada ya Kristo, Kaisari Augustus alimwondoa Roma akampeleka Tomis, pwani ya Bahari Nyeusi, katika nchi ambayo leo ni Romania. Huko aliandika mashairi mengi ya kuomba arudishwe, na mengine ya kulalamika kwamba Kilatini chake kinaanza kumpotea kwa kusikia lugha za wengine kutwa nzima. Hakurudishwa. Alifia huko. Kwa hiyo mimi simsomi kama mtu wa mbali sana.

Sasa Daphne mwenyewe. Baba yake ni mto Peneus wa Thessaly. Binti hakutaka kuolewa, alipenda msitu na kuwinda. Baba alikuwa akimdai mkwe na wajukuu, kama wazazi wa popote, lakini binti akamkumbatia shingoni akamsihi, na baba akalegea. Upande wa pili, Apollo alikuwa amemdharau Eros, yule mungu mdogo wa mapenzi, kwamba upinde haumfai. Eros akalipiza kisasi. Mshale wa dhahabu akampiga Apollo ili apende, mshale wa risasi akampiga Daphne ili akimbie. Yaani ni ugomvi wa wanaume wawili wenye mishale, na mwenye kukimbia ni msichana.

Apollo anamfukuza huku anaongea. Anajitaja yeye ni nani, baba yake ni nani, ana vipaji gani. Kisha anamwomba apunguze mbio asije akajikwaa na miiba ikamchubua miguu, naye eti atapunguza za kwake. Mwangalieni vizuri jamaa huyu. Hasemi ataacha. Anasema atamfukuza polepole.

Nguvu zikamwishia binti mbele ya mto wa baba yake, akaomba auharibu uzuri ule uliomletea balaa. Mara mwili ukawa mzito. Gamba likafunga kifua, nywele zikawa majani, mikono ikawa matawi, na miguu iliyokuwa na mbio zile ikashikwa na mizizi. Ni mti ambao Wagiriki wanauita kwa jina lake hadi leo, na majani yake makavu watu wa mjini huyatia kwenye pilau.

Ndugu yangu aliishia hapo. Ovid hakuishia hapo. Apollo anafika, anauweka mkono kwenye shina, na chini ya gamba anausikia moyo bado unadunda. Anaukumbatia mti, anaubusu, na mti unajikunja kukwepa busu lake. Halafu anatangaza kwamba kama hawezi kuwa mke wake, basi atakuwa mti wake. Majani yatakaa kwenye nywele zake, kwenye kinubi chake, kwenye podo la mishale yake. Ndiyo maana washindi wa michezo ya Delphi walivishwa taji la majani hayo, na majemadari wa Roma vilevile. Kila mkivaa taji lile, mmevaa nywele zake.

Na kuna kitu cha mwisho, ambacho kwangu ndicho kibaya kuliko vyote. Apollo alipomaliza hotuba, kilele cha mti kikatikisika, na Ovid anasema kilionekana kama kichwa kinachoitikia. Kilionekana! Mshairi yule alikuwa mjanja, hakusema Daphne alikubali. Alituachia mti unaotikisika na mwanamume anayesema: si mmeona, amekubali.

Sasa niambieni, aliokoka nani?

Mwandishi mwenzangu aliandika "aligeuka". Kiswahili chetu hakina upofu kiasi hicho. Tunacho kugeuka, tunacho kugeuzwa, na tunacho kujigeuza, na hadithi hizi zote zimelala katikati ya maneno hayo matatu. Zeus anajigeuza. Kwa Europa alijigeuza fahali, kwa Leda ndege wa majini, kwa Danae mvua ya dhahabu. Haja yake ikiisha anarudi kuwa Zeus, hana hata kovu. Nimfa anageuzwa, na akishageuzwa harudi. Mwenye nguvu hubadili umbo kama mtu anavyobadili shati. Asiye na nguvu hubadilishwa kama mahindi yanavyobadilishwa unga. Ukiandika "aligeuka" kwa wote wawili, umemsaidia mwenye kinu.

Wako wengi wa namna hiyo. Syrinx wa Arcadia alikimbizwa na Pan hadi mto Ladon, akawaomba dada zake wa majini, akageuzwa matete. Pan akashusha pumzi juu ya matete, akasikia sauti nzuri, akayakata kwa urefu tofauti, akayaunga kwa nta, akapata filimbi. Arethusa alikimbizwa na mto Alpheus, mungu Artemis akamgeuza chemchemi. Unafikiri mto uliacha? Alpheus, aliyekuwa amevaa umbo la mtu, alijirudisha kuwa maji ili achanganyike naye. Ikabidi ardhi ipasuliwe, binti apite chini ya bahari hadi Syracuse, kisiwani Sicily, na chemchemi yake iko pale mpaka leo, mafunjo yanaota katikati. Sicily ni jina ambalo humu kambini halihitaji ramani. Kuna mama zetu wanaolitaja kwa kunong'ona, kwa sababu ya mtoto aliyepita Libya.

Callisto nitakaa naye kidogo. Huyu hakukimbizwa, alidanganywa. Alikuwa mfuasi wa Artemis, na Zeus alijigeuza akawa Artemis mwenyewe, sura na mavazi, akamwendea akiwa peke yake msituni, akambaka. Angalieni njia aliyotumia: alivaa sura ya yule ambaye binti alimwamini kumlinda. Miezi ikapita, mimba ikaonekana wakati wa kuoga, na Artemis wa kweli akamfukuza. Alipojifungua, Hera, mke wa Zeus, akamgeuza dubu. Mlinzi alimfukuza, mke alimwadhibu, na mtenda kosa hakuulizwa hata swali. Miaka baadaye mwanawe alikaribia kumchoma mkuki bila kumjua, ndipo Zeus akawapandisha wote wawili mbinguni wakawa nyota. Hera hakuridhika. Akaenda kumwomba Bahari asimruhusu dubu yule kuoga katika maji yake, na kweli, kwa Wagiriki wa kale, nyota zile saba zenye umbo la upawa zilizunguka usiku kucha bila kuzama. Lakini huku kwetu karibu na Ikweta amri ya Hera haifiki. Tokeni nje mwezi wa nne au wa tano, giza likishaingia, mtazame kaskazini. Mtauona upawa, na mkikesha mtauona unashuka unazama. Huku Callisto anaoga. Sijui kwa nini jambo hilo linanifurahisha, lakini linanifurahisha sana.

Najua jibu litakalokuja: "Lakini Daphne aliomba mwenyewe." Nimelisikia banda lilelile, kutoka kwa mtu mwenye elimu. Ndiyo, aliomba. Aliomba wakati pumzi ya mwanamume iko kwenye shingo yake. Kabla ya hapo, akiwa na pumzi zake mwenyewe, alikuwa ameomba kitu kingine kabisa, aachwe awinde. Ombi lile la kwanza ndilo lililokuwa lake. La pili lilikuwa la Apollo, limetoka tu kwa mdomo wa Daphne.

Na nisiseme ya Ugiriki peke yake kama mwoga.

Kuna msichana wa shule humu, simtaji jina wala mtaa. Mwanamume mmoja mwenye kibanda alianza kumfuata. Alimfuata bombani, kwenye njia ya kuni, mpaka nje ya darasa. Mama akapeleka malalamiko panapohusika. Msaada ulikuja, tena haraka, siwezi kusema haukuja. Familia ilihamishiwa upande mwingine wa kambi. Wakapewa turubai jipya na nguzo. Shule ikawa mbali, msichana akaacha. Mama akaiacha bustani yake ya mchicha iliyokuwa inawapa chumvi na sabuni, akawaacha majirani waliotoka naye kijiji kimoja. Faili likafungwa, limetatuliwa. Kibanda kiko palepale. Mimi mwenyewe nimenunua betri pale.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho nikaifuta, nikairudisha. Ibaki.

Ndugu zetu wa mashirika mnaolisoma jarida hili, nawaheshimu, na najua mtaniambia nini. Mtasema hamna mamlaka ya kumkamata mtu, hiyo ni kazi ya polisi wa nchi inayotupokea, na usiku ule kulikuwa na njia mbili tu, kumhamisha au kumwacha. Nakubali. Peneus naye alikuwa mto tu, asingeweza kupigana na mwana wa Zeus. Alitoa alichokuwa nacho. Simlaumu Peneus. Ninachokataa ni kuchora tabasamu. Ukishindwa kumzuia mwenye kukimbiza, ukambadilisha mwenye kukimbizwa, basi sema hivyo hivyo ulivyofanya: tumeshindwa huku, tumepunguza hasara huku. Usiite ushindi. Usimwite yule binti mstahimilivu kana kwamba ni kipaji alichozaliwa nacho. Mti unastahimili. Mti hauna njia nyingine.

Tena kuna Echo, ambaye nawaombeni mmfikirie kila mnapofungua daftari la mahojiano. Echo alikuwa nimfa wa milimani, mwongeaji. Hera alimwadhibu asiweze tena kuanza maneno yake, abaki kurudia tu mwisho wa maneno ya mwenzake. Hata mapenzi yake kwa Narcissus alilazimika kuyasema kwa vipande vya maneno ya Narcissus. Mwisho mwili ukaisha, mifupa ikawa mawe, ikabaki sauti. Mimi nimekuwa mkalimani. Nimemwona mama anaingia chumbani na habari yake, ina mbuzi ndani yake, ina jina la mto, ina kaka aliyerudi kuchukua redio na hakuonekana tena. Nimemwona anatoka na maneno ya fomu. Safari ya pili anakuja nayo tayari mdomoni: "nipo katika mazingira magumu", "nahitaji ulinzi". Anarudia mwisho wa maneno yenu, kwa sababu amegundua hayo ndiyo mnayoyasikia. Halafu mwandishi wa ripoti anashangaa kwamba habari za wakimbizi zinafanana.

Nirudi kwa Ovid, kwa sababu yeye hakutabasamu. Baada ya Daphne kuwa mti, anaandika kwamba mito yote ya nchi ilikusanyika kwa Peneus, na haikujua impe baba yule pongezi au rambirambi. Soma hapo mara mbili, ndugu yangu. Miaka elfu mbili iliyopita mito yenyewe ilisimama mlangoni inasitasita, na sisi hatukusita, tumekwenda moja kwa moja kununua rangi.

Mito yote ilifika isipokuwa mmoja. Inachus, mto wa Argos, alikuwa amejificha ndani kabisa ya pango lake, anaongeza maji kwa machozi. Binti yake Io amepotea na hajui kama yu hai au amekufa. Kwa sababu hamwoni popote, anahisi hayupo popote. Hapa kambini sihitaji kueleza hali hiyo. Kuna watu wanaokwenda kila mwezi kwenye dawati la kutafuta waliopotea, wanauliza jina lilelile.

Io ndiye ninayewaletea. Hadithi yake inaanza hapohapo inapoishia ya Daphne, unageuza ukurasa tu.

Zeus alimfukuza, akaifunika nchi kwa wingu zito asionekane, akambaka. Hera akashangaa wingu gani hili mchana kweupe, akashuka. Ili kuficha, Zeus akamgeuza Io mtamba mweupe. Hera si mjinga, akamsifia ng'ombe, akamwomba kama zawadi. Zeus akatoa. Akamkabidhi kwa Argus mwenye macho mia, anayelala kwa macho mawili mawili huku mengine yanalinda. Mchana anachunga, jua likizama anamfungia ndani na kamba shingoni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tunasema, na Io alikuwa mgeni ndani ya ngozi yake mwenyewe. Alitaka kumnyoshea Argus mikono amsihi, hana mikono. Alitaka kulalamika, ukatoka mlio wa ng'ombe, akaogopa sauti yake. Alijiona pembe zake katika maji ya baba yake, akakimbia.

Dada zake hawakumjua. Baba hakumjua, akamchumia majani akampa, naye akamlamba kiganja huku analia. Halafu Io akafanya jambo ambalo Daphne hakuweza, Syrinx hakuweza. Aliinamisha mguu, na kwa ukwato wake akaandika jina lake katika vumbi. Kwa Kigiriki na Kilatini ni herufi mbili tu, na kwa Kilatini ni mstari mmoja na duara moja. Kwato inaweza.

Nimefundisha watu wazima kusoma na kuandika, chini ya mwembe, kabla ya vita. Kitu cha kwanza wote wanachokiomba ni jina lao. Si alfabeti. Jina.

Baba akasoma vumbi, akaangua kilio, akaning'inia kwenye pembe zile. Alisema heri alivyokuwa hajampata, maana huzuni ilikuwa nyepesi. Halafu Argus akaja akamwondoa, akamswaga kwenye malisho mengine. Muda wa kuonana umekwisha. Baadaye Hermes alitumwa kumuua Argus, na alimlaza kwanza kwa hadithi. Mnajua hadithi gani? Ya Syrinx aliyegeuzwa matete. Kabla haijaisha, macho mia yote yalikuwa yamefumba. Nadhani Ovid alijua anachofanya pale. Hadithi za wasichana waliogeuzwa zinaweza kusimuliwa vizuri mno, kwa filimbi tamu mno, mpaka mlinzi mwenye macho mia akasinzia. Ukuta wetu ni filimbi ya namna hiyo.

Hera akamtumia Io kichaa cha kumfukuza duniani kote, na katika masimulizi ya Wagiriki ni nzi mkali anayemchoma bila kupumzika. Mlangobahari wa Bosporus, kule Istanbul, jina lake maana yake ni kivuko cha ng'ombe, wakisema alivuka pale. Akafika Misri, akapiga magoti ukingoni mwa Nile, akainua uso mbinguni. Na pale, mmoja kati ya wachache sana, akarudishwa. Manyoya yakaanguka, pembe zikasinyaa, mabega na mikono vikarudi. Akasimama kwa miguu miwili. Lakini aliogopa kusema. Aliogopa akifungua mdomo utatoka tena mlio wa ng'ombe, akawa anajaribu maneno moja moja, kwa woga. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa bado hajafukuzwa Roma, na sielewi alijuaje.

Simpambi Io. Alirudishwa kwa sababu Zeus, yuleyule, alimwomba Hera na kumwapia kwamba binti hatakuwa tena sababu ya uchungu wake. Kurudishwa umbo lako na aliyekunyang'anya si haki, ni kurudishiwa mali ya wizi. Lakini alirudi na jina na kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ilikuja kufanya kazi.

Mwandishi wa tamthilia Aeschylus, wa Athens, alikuwa na mchezo wa wanawake waombao hifadhi, uliochezwa yapata miaka ya 460 kabla ya Kristo. Ilikuwa sehemu ya mfululizo, michezo mingine imepotea. Ndani yake mabinti hamsini wa Danaus, uzao wa Io, wanatoroka Misri na baba yao kwa jahazi kwa sababu binamu zao wanataka kuwaoa kwa nguvu. Wanafika Argos, kwa bibi yao, wakiwa wameshika matawi yaliyofungwa sufu nyeupe, alama ya mwombaji. Hebu yatazameni matawi hayo. Daphne aligeuzwa matawi. Hawa wameyashika mkononi.

Mfalme Pelasgus anawaambia hawafanani na watu wa Argos, wanafanana zaidi na wanawake wa Libya au wa Nile. Wathibitishe. Ndipo yanaanza mahojiano, swali kwa jibu, kuhusu Io: alikuwa nani, alifanywa nini, alikwenda wapi, alimzaa nani. Hawarudii maneno ya mfalme. Wana habari yao. Na habari ile ya aibu, ya bibi aliyebakwa akafanywa ng'ombe, ndiyo inayowafungulia mlango, kwa sababu kuna mtu katika ukoo aliyeisimulia kwa mtoto, na mtoto kwa mtoto.

Mfalme anaogopa. Akiwapokea, vita. Akiwakataa, mungu wa waombaji atamdai, na mabinti wameapa kwamba hawataondoka pale hai. Anasema hawezi kuamua peke yake, lazima watu waulizwe. Watu wakaulizwa, wakapiga kura kwa kunyosha mikono, mikono yote ikaenda juu. Mabinti wakae katika nchi, huru. Asiwachukue mtu, wa ndani wala wa nje. Na likitumika jeshi kuwachukua, raia asiyekuja kuwasaidia atanyang'anywa haki zake na kufukuzwa nchini. Na kweli tarishi wa Misri alipokuja kuwaburuta, mfalme alisimama mbele yake.

Mabinti walibaki mabinti. Hakuna aliyeota jani. Kilichobadilika ni sheria ya mji, na aliyebanwa ni mwenye kukimbiza na jirani anayetazama. Huyo wa pili ni mimi na betri zangu.

Metamorphoses kiko maktaba yetu, kwa Kiingereza, jalada limeng'oka, rafu ya chini karibu na dirisha. Jumamosi baada ya mgao nitakuwepo kumtafsiria yeyote atakayekuja, tunaanza na Daphne, tunageuza ukurasa, tunamaliza na Io. Mabinti wakae mbele. Ndugu yangu, njoo na wewe, na umwambie kijana aliyechora ukuta alete brashi na rangi nyeupe kidogo. Tuufute ule mdomo kwanza. Mwingine tutaujadili tukishasoma.